Mlango wa Saba wa Mzee Konradi

Mzee Konradi, mwanafunzi wangu,

Usicheke. Najua unacheka. Mi Swedi, niliyekuwa nakuambia kwamba kuandika ni kazi ya watu wasiojua kusema, leo nimenunua kalamu. Nimekaa kibarazani kwa mama yangu hapa mtaani Buyenzi, kuku wananipita miguuni, na wadogo zangu wananichungulia kama mtu aliyepatwa na homa. Wameniuliza mara mbili kama ni barua ya mapenzi. Nimesema ndiyo. Ningesema nini? Kwamba ninamwandikia mzungu aliyekufa?

Salamu kwanza, maana uliniambia kwenu barua isiyo na salamu ni ya polisi. Sisi wazima. Binti yako, dada Grete, mzima pia, amekonda kidogo, amerudi kwenye mradi wake wa mabomba ya maji. Nyumba yenu ya Nyakabiga iko vilevile, mlinzi bado analala mchana mdomo wazi. Na kiti chako cha plastiki, kile chenye mguu uliofungwa waya, kiko palepale kwenye garaji ya Mzee Nasoro, kando ya ubao wa dama. Hakuna aliyekikalia tangu ufe. Nilitaka kukuambia ni kwa heshima. Apana. Si kwa heshima. Tutafika huko.

Unanijua, mi sikuzoea kuona haya. Komisioneri, dalali wa vipuri kama mimi, akiona haya atakula nini? Mtu anakuja na gari imekufa, anatafuta pyesi, mi ndiye ninayejua duka gani wanayo, nani ameificha nyuma, nani anauza ya bandia akiapa kwa mama yake. Sina duka, sina hata bisibisi. Nina mdomo tu, na mdomo huu umenilisha tangu nilipoacha shule mwaka wa saba, siku direkteri wa shule aliponiita ofisini na mi nikatokea dirishani.

Na mdomo huohuo ndio uliokuleta kwangu. Unakumbuka? Ulikuja na dada Grete, gari inalia freni kama mbuzi anayechinjwa. Ukashuka, soksi ndefu ndani ya sandali, ukasimama mbele ya garaji nzima, ukasema, "Hamjambo, mabwana na mabibi." Bibi hata mmoja hakuwepo. Watu waliangukiana. Mi nikakusogelea, nikakuambia, "Muzee, hicho Kiswahili umekifukua kwenye kaburi gani?" Mtu mwingine angenitukana. We ukatoa kaye yako ya bluu, kile kidaftari cha mfukoni, ukaniomba nirudie neno "umekifukua" polepole, ukaliandika.

Basi nikawa mwalimu wako. Mimi! Kila Jumanne na Alhamisi, mezani kwenu, na malipo yangu yakawa sahani: ugali wa Mama Riziki, mpishi wenu, ndagala wa Mama Riziki, na yale maharage yake ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nalegea. Yule mama alinipakulia kuliko alivyokupakulia we. Alikuwa akisema, "Kula, mwarimu, akili inakula pia," halafu anarudi jikoni akiimba nyimbo zao za kanisa la Uvira. Kumbuka hilo, mzee. Mi sikulikumbuka.

Nilikutesa kama walivyonitesa mimi. Insha kila wiki, kalamu nyekundu, alama juu ya kumi. Hukuwahi kuvuka sita. Nilikuwa nazunguka Buyenzi nikisema, "Yule daktari wa vitabu, mi ninampa tano na ananishukuru." Utamu gani ule! Halafu nikakupa insha ya nne, kichwa chake "Kazi Yangu". Nilidhani utaandika ulikuwa mwalimu, au mtu wa viazi.

Ninayo mbele yangu hapa. Ninaiandika kama ulivyoiandika, sisahihishi kitu:

"Mimi kazi yangu ilikuwa kujua. Kwanza mimi karani kijana, ninasoma barua za watu wengine, ninapanga. Halafu mimi mkubwa wa wale wanasikiliza. Halafu mimi mkubwa wa wote, ujasusi wa nchi nzima. Kila asubuhi mimi ninajua, ninakwenda kumwambia waziri, waziri anakula mkate, hasikii. Halafu wananifanya katibu mkuu wa wizara. Mawaziri wanakuja, wanaondoka, mimi ninajua ufunguo uko wapi. Halafu waziri mpya ananipa kahawa na barua moja fupi. Ninakwenda nyumbani. Mke wangu anasema, sasa utajua nini?"

Niliisoma mara tatu. Nikakutazama, we na soksi zako, unanyonya embe. Nikasema, "Muzee, unanitania?" Ukatikisa kichwa. Siku ile hatukusoma. Nilikuuliza maswali mpaka Mama Riziki akaja kuondoa sahani mara mbili. Ulinieleza jinsi mtu anavyofuatwa bila kujua, jinsi mlivyokuwa mkikaa mwezi mzima kusubiri mtu mmoja anunue gazeti. Ulinieleza kwamba wengi wenu hamkuwahi kushika bastola, mlishika makaratasi mpaka macho yakaharibika. Mi nikataka kujua ofisi ilikuwaje. Ukafikiri kidogo, ukasema, "Ili kunifikia, milango saba."

Milango saba! Mi niliyefukuzwa na mlango mmoja wa direkteri.

Kisha ukaniambia, na sauti yako ilibadilika, "Mwalimu, hii iwe ya darasani tu. Huku mimi ni Mudachi wa dama. Nataka kubaki Mudachi wa dama." Nikaapa. Nikashika kifua. Nikasema, "Haki ya Mungu, muzee, mdomo wangu huu ni kaburi."

Na nilijua kwa nini uliomba. Kila Jumamosi ulitembea kutoka Nyakabiga kwa miguu, kofia kichwani, unakuja kukaa kwenye kile kiti na kucheza dama kwa vifuniko vya chupa. Mzee Nasoro, mwenye garaji, alikuwa anakuita Mudachi, maana we Mjerumani, na kukunyima zamu kwa makusudi. Bonifasi, yule wa Uvira anayeuza taa za gari za mtumba, alikuwa anakula vifuniko vyako vyote huku anakuimbia. Kila aliposema neno jipya ulisimamisha mchezo, ukatoa kaye, ukaandika. Walikufa kwa kicheko. "Andika, Mudachi! Andika na hii!" Binti yako aliniambia kwamba tangu mama yake afariki, hakukuona ukisubiri siku yoyote isipokuwa Jumamosi.

Sasa nitasema. Nimezunguka vya kutosha.

Ilikuwa siku moja hukuwepo. Bonifasi alinishinda dama mara nne mfululizo, na akanianza. "We mwarimu wa nini, sha? Shule yenyewe ulitorokea dirishani. Na huyo mwanafunzi wako ni babu tu, batoto wake wamechoka naye wakamutupa huku Buja." Watu wakacheka. Vijana wa kuosha magari nao wakacheka, na hao mi ndiye ninayewatuma chai! Damu ikanipanda. Nikasimama. Nikasema, "Babu? Babu nani? Huyo mnayemlia vifuniko alikuwa mkubwa wa majasusi wa Ujerumani yote! Waziri hanywi chai kabla hajamsikiliza! Ofisi yake ina milango saba!"

Kicheko kilikatika kama redio iliyoishiwa betri.

Na mi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Sekunde kama tano hivi nilikuwa mtu mrefu kuliko wote Buyenzi.

Mzee Nasoro ndiye aliyeniuliza, taratibu, "Kama ni siri ya mutu, we unaitoaje barabarani?" Nikaona shimo limefunguka mbele yangu. Nikaliruka. Nikasema, "Siri gani? Mpishi wake, Mama Riziki, anaisema sokoni kote."

Hivyo tu, mzee. Sikufikiri. Jina lilikuwa karibu na ulimi kuliko mengine, kwa sababu mchana ule nilikuwa nimekula chakula chake.

Wewe unajua yaliyofuata, lakini hujui kwamba niliyaona yote. Watu wa hapa wana sababu zao za kumwogopa mtu anayeandika. Kaye yako, ile waliyokuwa wakiicheka, ikageuka. "Kumbe alikuwa anaandika majina yetu." "Kumbe ndiyo maana anauliza-uliza kila neno." Jumamosi ulifika na kofia yako. Mmoja akasema ameacha chai motoni. Mwingine akakumbuka mgonjwa. Bonifasi aliondoka bila hata kusema uongo. Mzee Nasoro akakuambia, "Pumzika kidogo, Mudachi, batu bapoe," akaingia chini ya gari. Ulibaki peke yako. Ukapanga vifuniko, vyekundu upande wako, vyeupe upande wa pili. Ukacheza. Ukazunguka kiti, ukacheza upande wa pili. Mi nilikuwa nyuma ya kamyoneti, nimejifanya ninapima gurudumu. Nilikuona ukijishinda, kisha ukavikusanya vizuri kwenye kopo na kufunika.

Wiki ile Mzee Nasoro alikuja mpaka kwenu, tuko darasani. Yeye si mtu wa kupita pembeni. Akakuuliza mbele yangu, "Ni kweli ofisi yako ilikuwa na milango saba?" Ukamtazama. Ukasema, "Saba. Umehesabu vizuri." Ukanimiminia chai. Hukumwaga hata tone, na mi nikasema moyoni: huyu hajui kitu.

Alipoondoka ukaniuliza, "Mwalimu, unafikiri nani amesema?" Na mi nikarudia. Mara ya pili, sasa bila watu, bila kicheko cha kunisukuma. Nikasema, "Ni Mama Riziki, muzee. Wanawake wa jikoni midomo yao haina kifuniko." Yeye yuko upande wa pili wa pazia, anakaanga vitunguu. Wewe ukafungua kaye, ukaandika neno "pazia". Uliniuliza kama lina wingi.

Unajua nilitembeaje kurudi nyumbani siku ile? Nilitembea kifua mbele. Nilijiambia, Swedi, umemdanganya mkubwa wa majasusi, we ni mtu wa hatari. Ninakuandikia hili kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote. Si kwamba nilidanganya. Nilijisifu.

Mama Riziki akaondoka mwezi uleule, akarudi kwa dada yake Ruziba. Watu wakasema umemfukuza, na mi nikaacha waseme. We ukaanza kula mkate na mayai ya kuchemsha. Darasa likaendelea, Jumanne na Alhamisi, na hata sahani ukaniwekea, mayai mawili, yaliyopasuka. Ulikuwa unapika vibaya sana, mzee. Jumamosi ulikaa ndani.

Halafu ile insha ya mwisho, uliyojipa kichwa mwenyewe: "Kosa Langu". Ulinipa mkononi, kurasa tatu. Mi siku ile nilikuwa na haraka, kuna mtu ananisubiri na injini Bwiza. Sikuisoma hata mstari. Niliandika nne juu ya kumi, nikaweka na alama za kusahihisha hapa na pale ili ionekane. Ulipoiona ile nne, ukasema tu, "Labda Kiswahili changu hakijatosha."

Wiki mbili baadaye ulianguka, asubuhi, unafunga kamba za viatu. Dada Grete aliniambia hukuteseka. Alisema ulitaka kuzikwa hapahapa, usisumbuliwe na safari ya ndege. Makaburini tulikuwa yeye, wenzake wa kazini, mlinzi, na mimi. Kutoka Buyenzi hakuja mtu.

Na siku ya kuondoa kilio! Wenzake walimweleza dada Grete desturi ya huku, kwamba familia inakaa na watu, inakunywa nao, na inauliza kama kuna mwenye neno na marehemu, kitu kilichobaki kati yao, akiseme kiishe. Akakodi viti vingi. Vikakaa vitupu, vingine vimebebana pembeni bila hata kushushwa. Akauliza kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno, "Nani ana neno na baba?" Nikasimama. Unajua nilisema nini? Nilisema mimi ndiye mwalimu aliyemfundisha Kiswahili, nikaiga ile salamu yako ya mabwana na mabibi, nikawachekesha wote, mpaka dada Grete akacheka machozi yakimtoka. Nikakaa. Wakapiga makofi.

Tulipokuwa tunaondoka akanipa kaye ya bluu. "Baba alisema mwalimu aichukue."

Niliifungua hapa, kibarazani. Nilianza na "Kosa Langu", zile kurasa tatu ulizozipachika ndani, kwa sababu ile nne nyekundu ilinitazama. Kumbe ulikuwa na katibu wako, bibi mmoja jina lake Lotte, aliyefanya kazi na we miaka mingi, aliyekuwa anajua unakunywa chai ya aina gani ukikasirika. Siri moja ikatoka ofisini. Ukafanya kama mnavyofanya: kila mtu ukamwambia habari ileile ila na kitu kidogo tofauti, huyu namba hii, yule namba ile, ukasubiri uone ni ipi itakayotokea nje. Ikatokea ya Lotte. Alikuwa amemwambia dada yake mgonjwa, kitandani, ili kumchangamsha, na dada akamwambia mwuguzi. Ukamwita mbele ya wote, ukamvua kitambulisho kwa mkono wako. Hakupata kazi nyingine. Umeandika: "Mimi nilifurahi, njia yangu imefanya kazi. Miaka inapita, ninakwenda mlango wake, ninabisha. Hafungui. Nimekwenda mara moja tu."

Halafu nikageuza mpaka ukurasa wa mwisho kabisa. Herufi zako zile zinazosimama kama askari:

"Mama Riziki, milango 3. Nasoro, milango 5. Mwalimu, milango 7."

Saba umeizungushia duara. Na chini yake: "Nimejua. Sasa nitafanya nini na kujua?"

Mzee Konradi, niliifunga kaye nikaikalia. Kweli, niliikalia, kama mtoto anayeficha kitu kwa makalio. Mama yangu akaniuliza kama ninaumwa tumbo.

Kumbe hukuniambia mimi peke yangu. Watu watatu tulijua, wawili wakanyamaza. Kumbe ile "umehesabu vizuri" hukumwambia Nasoro. Na ulipoandika "pazia", na uliponiwekea yale mayai, na kila Jumanne uliponifungulia mlango ukasema "Karibu, mwalimu", ulikuwa unajua. Nilikuwa ninakula na mtu anayejua. Siku zile nilimwuliza dada Grete, hivi kweli ofisi ya baba ilikuwa na milango mingapi? Akasema mmoja, wa mbao, na ulikuwa unakwama wakati wa mvua.

Nikaenda Ruziba. Mama Riziki alikuwa anaanika ndagala kwenye nyavu juu ya mchanga, kanga imefungwa kichwani. Aliniona nikitokea mbali, hakusimama. Alisema tu, "Kaa chini, unazibia samaki jua." Nikakaa. Nikasema yote, na safari hii hakuna mtu wa kumchekesha. Yeye anageuza samaki, mmojammoja. Nilipomaliza akasema, "Nilijua."

Nikamwuliza kama wewe ndiye uliyemwambia. Ngoja nikuandikie alivyosema, kwa sababu hata we unapaswa kuisikia.

"Apana. Mi nilimwendea nikamwambia, muzee, batu bananiita mubeba maneno. Akasema, najua si we. Nikamuuliza, unamujua aliyesema? Akasema, namujua. Nikamwambia, basi sema jina. Akanyamaza. Sasa we niambie, mutu anamunyamazia nani namna ile? Anamunyamazia mutoto wake. Mi nikaweka funguo mezani."

Hapo, mzee, na we ulikosa. Niache nikuambie, mi mwalimu wako. Hukutaka kunifanya mimi kama ulivyomfanya Lotte, nimeelewa, na sijui nikushukuru kwa mdomo gani. Lakini ulipoufunika uso wangu, wake ulibaki wazi. Ulininyamazia mimi, akalipa yeye. Mjane, ana watoto watatu, akarudi kulala sakafuni kwa dada yake kwa sababu ya mtu aliyekuwa akimpakulia.

Nilimwomba msamaha. Akatikisa nyavu. "Hapa anasikia nani? Mi na samaki. Nenda ukaseme pale uliposemea." Nikasema nitakwenda. Akasema, "Njia unaijua."

Jumamosi iliyopita nilikwenda. Sikulala vizuri kabla, nakuambia ukweli. Komisioneri anaishi kwa kuaminiwa, na mi nilikuwa ninakwenda kuwaambia watu wote wanaonilisha kwamba mdomo wangu umeoza. Nilianza kwa mzaha, ndivyo nilivyo. Nikasema, "Jamani, mnamwona mwongo bora wa Buyenzi." Wakacheka. Na nilipowasikia wakicheka nikaona inakwenda kuwa kama kwenye kilio, nitatoka hapa na makofi. Nikanyamaza mpaka wakaacha. Nikasema, "Mama Riziki hakusema neno. Ni mimi. Mzee aliniambia nifiche, nikaapa, nikatoa. Halafu nikamsingizia aliyekuwa ananilisha. Nimesema mara mbili, hapa na kwa mzee mwenyewe."

Mzee Nasoro akasema, "Mi Mudachi aliniambia milango mitano. Ile siku ulisema saba, nilijua hesabu hiyo si ile yangu. Nilikwenda kumuuliza nione atasema nini, akanitazama kama mutu anayeomba. Basi nikaacha."

Nikatoa kaye. Bonifasi akarudi nyuma hatua moja, wallahi, kama nimetoa nyoka. Nikamfungulia ukurasa wake. Akasoma kwa sauti, kidole kikitembea: "Bonifasi anasema, nakumeza bila maji. Maana: nitakushinda. Bonifasi anasema, hicho kifuniko ni cha marehemu. Maana: nitakila sasa. Bonifasi anaimba vizuri. Uliza maana ya wimbo." Kurasa na kurasa, mzee. Matusi yao, mizaha yao, jina la chai, jina la spana. Jina la mtu wa kumripoti halikuwemo hata moja. Bonifasi akafunga kaye, akaniambia, "We uliuza mutu huyu kwa kunishinda mi? Mi Bonifasi?" Na akatoka nje, akakaa juu ya matairi, ametupa mgongo.

Mzee Nasoro hakunifukuza. Aliniambia, "Pyesi za garaji yangu, kwa sasa nitatafuta mwenyewe. Nikikutuma, nitajuaje umekwenda na maneno gani?" Sikubishana. Ungeniona, mzee, mimi, nimekosa neno! Ungetoa kaye.

Kisha akakivuta kile kiti chako. Unajua kwa nini hawakikalii? Walikuwa wanasema huenda ndani yake umeweka kitu cha kusikiliza. Kiti cha plastiki! Akakipindua, hakuna kitu, akachukua koleo na kuukaza upya waya wa mguu. Akakiweka mahali pake. Akasema, "Mulete yule mama. Akae hapa, tumwambie mbele yake kwamba tulikosa. Sisi pia tulikosa."

Basi nikarudi Ruziba, mbio, habari njema mdomoni. Hakutoka. Mtoto wake alikuja mlangoni, akasema mama yuko, ila hana nafasi. Nilisimama. Nilibisha tena. Nikamsikia ndani anaweka sufuria chini.

Ndiyo maana ninaandika. Kwa sababu pale mlangoni nilitaka kugeuka na kusema, nimefanya yangu, nimesema mbele za watu, yeye ndiye hataki. Ilikuwa tamu kuifikiria. Halafu nikakumbuka ule mstari wako: nimekwenda mara moja tu.

Wewe ulikwenda mara moja. Mi kesho ni Jumapili, nitakwenda. Na Jumapili itakayofuata nitakwenda. Sitapeleka zawadi wala sitapeleka mzaha. Nitasaidia kugeuza samaki kama ataniachia, na kama hataniachia nitakaa mahali ambapo siwazibii samaki jua. Siku atakayotaka kuja kwenye kile kiti atakuja, na akitaka kiletwe kwake, nitakibeba mwenyewe mpaka Ruziba, na akikikataa nitarudi nacho. Yeye ndiye atakayesema imetosha. Mi sitasema.

Ile nne nimeifuta. Sijaandika kitu mahali pake. Nilishika kalamu nyekundu nikaona sina ruhusa. Kiswahili chako kilitosha, mzee. Msomaji ndiye hakuwepo.

Pumzika huko, Mudachi wa dama. Wakikupa ubao usimwamini atakayekuimbia.

Mi mwalimu wako,
Swedi wa mlango wa saba